Mpima Maji wa Nakivubo

Mtu aliyenifundisha kupima maji hakuwa mwalimu. Alikuwa mtunza maabara, na katika orodha ya wafanyakazi iliyobandikwa mlangoni mwa idara yetu jina lake lilikuwa karibu na mwisho, baada ya dereva na kabla ya mfagiaji. Sisi wanafunzi tulimwita Mzee, ingawa nikikumbuka sasa naona hakuwa amefika hata miaka hamsini. Mtu akimwita Mwalimu, aliinua chupa aliyokuwa nayo mkononi na kusema, "Mimi naosha hizi."

Nilikwenda Kampala kutoka Kisumu kusomea kozi mpya ya utunzaji wa mazingira. Nyumbani hakuna aliyeelewa kozi hiyo ni ya nini. Baba alidhani nitarudi kuwa bwana misitu wa kike. Mimi mwenyewe nilidhani nitasoma juu ya wanyama. Badala yake nilipewa buti za mpira, kamba yenye fundo kila mita na kreti ya chupa kumi na mbili, nikapelekwa kwenye mfereji wa Nakivubo, ule unaopita nyuma ya soko na kubeba uchafu wa mji mpaka kwenye kinamasi cha mafunjo kando ya ziwa.

Wanajeshi walikuwa wameishika nchi kwa miaka kadhaa. Nilipoanza masomo idara ilikuwa na wahadhiri sita. Waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Asubuhi ungekuta mlango umefungwa na kikombe cha chai kimeachwa dirishani, na mkuu wa idara angesema bwana fulani yuko likizo. Mmoja hakwenda likizo. Alichukuliwa mchana mbele ya mkahawa wa wafanyakazi, akatiwa kwenye buti la gari, na tangu siku hiyo jina lake halikutajwa kwa sauti. Nilipofika mwaka wa tatu walikuwa wamebaki wawili, na mmoja wao mgonjwa. Somo la maji halikuwa na mtu. Ndipo mkuu wa idara alipomwambia mtunza maabara atusimamie kwa muda. Muda huo haukwisha mpaka nilipoondoka.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye koti jeupe lililotiwa viraka viwili mgongoni. Funguo za maabara alizifunga kiunoni kwa uzi wa viatu. Alikuwa bahili wa ajabu. Maji ya mvuke, yale tuliyoyatengeneza wenyewe kwa kuchemsha na kupoza mvuke wake, aliyagawa kama dawa ya macho. Umeme ulikuwa ukikatika kila mara na jiko letu lilikuwa limebaki na waya mmoja mzima, kwa hiyo lita moja ilichukua nusu siku. Mwenzangu mmoja aliwahi kuyanawia mikono. Mzee hakumgombeza. Alimkalisha mbele ya jiko, akamwambia akusanye kiasi alichokimwaga. Kijana yule alikaa pale kuanzia saa nne mpaka saa tisa akitazama matone, na Mzee akamletea mihogo ya kuchemsha ili asikose chakula cha mchana.

Kufundisha kwake kulikuwa na maneno mawili: soma tena. Ukimletea hesabu, hakuitazama. "Soma tena." Ukirudi na hesabu ileile, aliinama, akasoma mwenyewe, kisha akakuachia kalamu uandike. Daftari la maji lilikuwa kubwa, jalada la kijani, na kila ukurasa aliyepima aliweka saini yake chini. Kufuta kulikatazwa. Hata kalamu ya risasi haikuruhusiwa kuingia chumba kile.

Kipimo alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha hewa iliyomo ndani ya maji. Unajaza chupa mpaka juu, unatia dawa ya kwanza, unatia ya pili, unaziba na kuipindua. Maji yenye hewa hufanya ukungu wa kahawia ambao hutuama polepole. Maji yasiyo na hewa hufanya ukungu mweupe, kama maziwa. Mara ya kwanza niliyoona ule weupe nilisema ni mzuri.

"Mzuri," alisema Mzee. "Lakini ukiona nyeupe hivyo, ujue hayo maji yamekufa. Samaki akitiwa humo hafiki jioni."

Alikuwa na namna ya kutueleza mambo ambayo vitabu vyetu viliyaeleza kwa kurasa kumi. Tulipofika ukingoni mwa kinamasi alituonyesha upande mmoja mfereji ukiingia, mweusi, na upande wa pili ghuba ya ziwa. "Bomba la maji ya kunywa la mji huu linavuta kule," alisema. "Na choo cha mji huu kinamwaga huku. Katikati hakuna kitu ila haya mafunjo. Mkiulizwa kwenye mtihani mazingira ni nini, mnaweza kuandika vizuri. Lakini mimi nataka mjue kwamba usiku na mchana haya majani yanafanya kazi ambayo hakuna mtu anayeifanya." Kisha akatukataza kukata hata bua moja la kukalia.

Alikuwa mwoga. Ni lazima niseme hivyo, kwa sababu wengi waliomjua baadaye kwa sifa tu hawakuujua uoga wake. Akisikia viatu vizito koridoni aliacha alichokuwa akifanya na kuingia chumba cha kuhifadhia dawa, hata kama viatu vilikuwa vya mkuu wa idara. Hakutamka neno serikali. Alisema hali ya hewa. "Mjini leo hali ya hewa si nzuri, msipite njia ya stesheni." Tulicheka tukiwa peke yetu, lakini hatukupita njia ya stesheni. Kila Jumapili alikwenda kanisani kwa njia tofauti. Na mtu huyohuyo, anayejificha nyuma ya makopo ya chumvi, alikuwa akitupeleka kila juma bondeni, mahali ambapo askari walikuwa hawapendi kuona mtu mwenye kamba, daftari na chupa.

Kiswahili hakukipenda. Kwake kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani, lugha ya kuamrishwa ushuke garini. Sisi alitufundisha kwa Kiingereza, na maneno yake ninayoyaandika hapa nimeyageuza, isipokuwa pale alipozungumza na askari. Nilipowasili na kumsalimia shikamoo alinitazama kwa wasiwasi. Baadaye aligundua kwamba Kiswahili changu kingeweza kumsaidia, akanikalisha kiti cha mbele cha gari la idara kila tulipotoka.

Siku moja tulisimamishwa kwenye barabara ya kwenda ziwani. Askari alikuwa kijana, macho mekundu, bunduki begani. Aliinua turubai nyuma ya gari akaona chupa.

"Nyinyi natoka wapi na hii machupa?"

Nilimjibu kwamba sisi ni wanafunzi wa chuo, tunakwenda kupima maji. Nilisema kwa ufasaha, kama nilivyofundishwa shuleni, na papo hapo nikajua nimekosea. Alinigeukia.

"Wewe si mtu ya hapa. Wewe ni Mkenya."

Siku zile kuwa Mkenya Kampala kulikuwa kama kubeba mzigo usiojua ndani yake mna nini. Kabla sijafungua kinywa, Mzee alishuka garini. "Afande, huyu mtoto yangu," alisema. "Nasoma na mimi."

Askari akaacha suala langu, kwa sababu alikuwa ameshaona chupa ndogo yenye kizibo cha kioo. Akaishika. Ndani mlikuwa na asidi kali, maji mazito yasiyo na rangi. Akatabasamu kama mtu aliyeona pombe. "Hii ni waragi. Nyinyi naficha waragi."

"Hapana, afande. Hiyo hatali. Kweri, hatali sana."

"Kama si waragi, kunywa wewe kwanza."

Wanafunzi wenzangu wanne waliokuwa nyuma ya gari walisogea mbali na turubai. Askari alikuwa ameshazibua kizibo na alikuwa akipeleka chupa puani. Nilitazama mkono wa Mzee ukiingia mfukoni polepole, ukatoka na leso. Aliikunjua mbele ya askari, akaomba chupa kwa mikono miwili, akiwa ameinamisha kichwa, na askari akampa. Akadondosha tone moja. Leso ikawa nyeusi, ikatoboka, na tone likaanguka chini likatoa moshi kidogo kwenye vumbi.

Askari alitazama lile tundu kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na hii unaweza kuua mtu."

"Naweza, afande," alisema Mzee. "Ndiyo maana nakaa nayo mzee kama mimi. Haipewi watoto."

Sijui kwa nini jibu lile lilimtosha. Alitupungia mkono twende. Mzee alirudi garini, akaiweka ile chupa kati ya magoti yake mpaka tulipofika kwenye mafunjo. Pale alichimba shimo dogo nyuma ya mti akaifukia ile leso yenye tundu. Aliporudi akatuambia tuanze na kituo cha kwanza cha kupimia.

Sasa nije kwenye ukurasa wenye saini yangu.

Bondeni chini ya Katwe, mahali mafundi wanapogonga mabati na kufua vyuma tangu asubuhi, palikuwa na kiwanda kidogo cha ngozi. Mwenyewe wa zamani, Mhindi, alikuwa amefukuzwa nchini pamoja na Wahindi wengine, na kiwanda kikapewa kapteni mmoja wa jeshi. Kapteni hakujua ngozi. Mashimo ya kutuamisha uchafu yalijaa, hakuna aliyeyazoa, na maji ya dawa za ngozi yakaelekezwa moja kwa moja kwenye mtaro unaoingia mfereji wa Nakivubo. Kwenye kingo za mfereji huo akina mama walilima magimbi na mchicha. Waliosha mboga humohumo, kisha wakazipeleka sokoni. Juma la kwanza nilipopima kituo cha nne, chini ya kiwanda, chupa zote tatu zilikuwa nyeupe. Nilisoma tena. Juma la pili, nyeupe. Na miguu ya wale mama ilikuwa na vidonda kuanzia kifundoni mpaka mahali maji yalipofika.

Niliandika yote. Nikaweka saini. Mkuu wa idara, kwa mazoea ya miaka ya nyuma wakati mambo yalipokuwa yakienda kwa utaratibu, alituma nakala ya ukurasa kwenye ofisi moja ya mji. Nadhani hakuusoma. Huko ofisini kulikuwa na mtu aliyeusoma, naye akampelekea kapteni.

Kapteni alikuja saa tano asubuhi na askari wawili. Mimi nilikuwa mezani nikipanga chupa. Safari hii Mzee hakuwahi kuingia chumba cha dawa. Walikuwa wameshafika mlangoni. Kapteni alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya upole, na hilo lilinitisha kuliko bunduki. Aliweka nakala juu ya meza na kidole chake juu ya saini yangu.

"Nani naandika hii?"

Nilivuta pumzi ili niseme ni mimi. Mzee akasema, "Mimi, afande."

"Hii jina si yako."

"Mimi ndiye napima. Wanafunzi nafanya kuandika tu, kujifunza. Kosa kama iko, ni yangu."

"Sasa kosa iko au hakuna?"

Nje tulisikia mashine ya kukata majani, na mtu akiimba. Kapteni akavuta stuli, akakaa, akampa askari mmoja ishara. Askari akaweka juu ya meza chupa ya soda iliyojaa maji ya kijivu.

"Hii natoka chini ya kiwanda yangu, leo," alisema kapteni. "Pima. Mimi nangoja."

Mzee akavaa miwani. Alijaza chupa yetu kutoka kwenye ile ya soda, bila haraka, asiingize hata kiputo. Akatia dawa ya kwanza. Akatia ya pili. Akaziba, akaniambia niipindue mara kumi na tano. Niliipindua nikihesabu kimoyomoyo, nikiomba itoke kahawia, ingawa harufu peke yake ilikuwa imeshanijibu. Niliirudisha mezani. Ukungu ukashuka polepole, mweupe pe.

Kapteni aliinama akaitazama. "Inakuwa nyeupe."

"Ndiyo, afande."

"Nyeupe ni nini?"

Mzee alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti. Nimekaa na ile dakika maisha yangu yote. Mtu huyu alikuwa amenirudisha kusoma tena kwa tofauti ya nusu ya sehemu ya kumi. "Nyeupe ni safi, afande," alisema.

Kapteni akanigeukia mimi. "Wewe, msichana. Ni kweli?"

"Ni kweli, afande," nikasema.

Alitaka karatasi. Mzee akaiandika kwa mkono wake: kwamba maji ya kituo cha nne yamepimwa upya na kuonekana safi, kwamba hesabu za kwanza zilitokana na dawa iliyoharibika, na kwamba aliyekosea ni yeye. Akaweka saini yake, mhuri wa idara ukapigwa. Kapteni akauchana ukurasa wangu kutoka kwenye daftari la kijani, akaukunja mara mbili, akaondoka nao. Juma lililofuata nakala ya ile karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa soko la Nakivubo, ili watu wasisikilize uvumi.

Mzee hakuzungumza nasi juu ya jambo hilo. Siku ile baada ya wao kuondoka aliosha chupa, akaining'iniza kichwa chini, akaosha tena. Niliposema, "Mzee," alijibu, "Kesho tuna vituo viwili. Lete kamba." Sikulala vizuri kwa majuma. Nilikuwa nimeona hasira yangu ikienda kwake kuliko kwa kapteni, na niliona aibu kwa hilo, kwa sababu jina aliloliokoa lilikuwa langu.

Kisha nikagundua kwamba asubuhi, kabla ya kazi, kuna mahali anakwenda.

Ilikuwa karibu saa moja. Nilikuwa nimeshuka sokoni kununua ndizi nikamwona ng'ambo ya mfereji, bila koti jeupe, suruali imekunjwa, anatembea kutoka shamba moja la magimbi hadi lingine. Nilivuka kwenye ubao nikamfuata kwa mbali. Alisimama kwa mama mmoja aliyekuwa akisuuza mchicha. Walizungumza kwa Kiganda, na Kiganda changu kilikuwa kimeshatosha kuelewa.

"Nnyabo, mboga hizi usioshe hapa. Nenda kwenye chemchemi, pale juu. Na miguu yako usiitie humu."

"Ssebo, karatasi iko sokoni. Inasema maji ni safi. Nimesomewa."

"Najua inavyosema. Mimi ndiye niliyeiandika."

Mama yule akaacha kusuuza, akamtazama. "Sasa nikusadiki wewe yupi?"

"Huyu aliyekuja kwa miguu," alisema Mzee.

Wengine walimsikiliza. Wengine walimcheka, na mmoja alimwambia waziwazi kwamba atamletea matatizo. Alikwenda kila asubuhi, siku sita za juma, kabla ya kazi. Mtu aliyekuwa akibadili njia ya kwenda kanisani alipita mahali palepale kila siku, mbele ya macho ya kila mtu, akikana kwa kinywa alichokuwa ametia saini kwa mkono. Nilimwuliza kama hajui kwamba mmoja tu akisema, amekwisha.

"Najua," alisema. Alikuwa akifunga uzi wa funguo zake. "Naogopa sana. Lakini nikikaa hapa asubuhi naona ule mchicha ukisuuzwa."

Mwezi mmoja baadaye askari wa kapteni alikuja mabwenini akimwulizia msichana Mkenya wa maabara. Sikuwepo. Nilikuwa nimefanya mitihani mitatu na nilibakiwa na miwili. Mzee alinikuta njiani kutoka maktaba, akachukua mkoba wangu bila kuniuliza, akatoa daftari langu la mafunzo akalitia chini ya koti lake.

"Mpakani hutapita na hili," alisema. "Basi linaondoka saa nane."

"Nina mitihani miwili, Mzee."

"Mitihani iko kila mahali."

Alinipeleka mpaka kituoni. Basi lilipoanza kuondoka nilitaka kumshukuru, lakini alikuwa ameshageuka na kuchanganyika na watu, kwa sababu kusimama ukimpungia mkono Mkenya hakukuwa jambo la busara siku ile.

Digrii niliimalizia Nairobi. Nikaajiriwa kwenye kazi ya maji katika mji wa kwetu, nikaolewa, nikapata watoto. Utawala ule ulianguka kwa vita, zikaja serikali nyingine, na bado sikurudi Kampala. Nilikuwa nasema sina nafasi. Ukweli ni kwamba sikujua ningemwambia nini. Hatimaye nilitumwa mkutanoni huko, na siku ya pili niliacha wenzangu wakijadili nikaulizia njia. Niliambiwa anaishi Kyambogo, kwa binti yake ambaye ni mwalimu.

Nilimkuta amekaa uani kwenye kiti cha kamba akichambua maharagwe. Alikuwa amekonda zaidi na sikio moja halikusikia vizuri. Alinitambua kabla sijajitaja. "Kituo cha nne," alisema, akacheka, akamwita binti yake alete kiti.

Alinipa habari polepole. Alikuwa amestaafu. Kiwanda kilikufa wakati wa vita, paa likang'olewa. Kapteni alikimbilia kaskazini na hakurudi.

"Lakini kabla ya kukimbia alikuja kwangu," alisema Mzee. "Peke yake, bila askari. Alikuwa na chupa."

Kapteni alikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitatu, anaharisha kwa majuma mawili. Alikuwa amechimba kisima nyuma ya nyumba yake na alitaka maji yake yapimwe. Mzee alipima kwa siku mbili. Kisima kilikuwa kimeingiliwa na choo. Kapteni aliporudi kuchukua majibu alisimama mlangoni, hakukaa.

"Nikamwambia, afande, maji ni mabaya, mtoto asinywe hata tone, chemsheni au tekeni kwingine. Akanitazama. Akaniuliza, 'Hii ni kweli, ama ni kama ile ingine?'"

"Kumbe alijua."

"Alijua tangu siku ile. Alijua na akabandika." Mzee aliacha kuchambua. "Nikamwambia ni kweli. Akasema nataka kumtisha ahame ile nyumba, kwa kulipiza. Akaondoka. Hakuniamini, na mimi sikuwa na kitu cha kumwonyesha. Nyeupe, kahawia, chochote ningemwonyesha angekumbuka ile."

"Mtoto je?"

"Nilikwenda mwenyewe nyumbani kwake, mchana, yeye akiwa kambini. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilizungumza na mkewe kwa kile Kiswahili changu. Sijui alielewa nini, lakini alimwaga mtungi mzima mbele yangu. Walipokuwa wakiondoka nchini mama huyo alipita kwenye maabara amemshika yule mtoto mkono. Mtoto alikuwa anatembea."

Binti yake alikuwa ndani akipakua chakula, tulisikia vyombo. Niliona kama sitasema sasa sitasema tena.

"Mzee, siku ile mimi pia nilisema ni kweli. Ningeweza kunyamaza. Nimekuwa nikifikiri, labda ungeniacha niseme jina langu, labda ungetaka nikatae. Sijawahi kujua uliwaza nini uliponisikia."

Alisogeza sikio zima kwangu, nikalazimika kurudia, na safari ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Alifikiri.

"Sikukusikia vizuri," alisema. "Nilikuwa natazama mkono wako. Ulikuwa umeweka ile chupa ukingoni kabisa mwa meza. Nikasema moyoni, ikianguka wale vijana wawili watadhani ni bomu, watapiga risasi, na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Hayo tu. Nilikuwa naomba uisogeze ndani."

"Niliisogeza?"

"Hapana. Niliisogeza mimi, wakati naandika."

Binti yake akatuita. Mzee aliinuka kwa shida, akanipa sinia la maharagwe nilibebe, tukaingia ndani kula.